Mama Alionja, Mpunga Ukaungua

Nyumbani kwetu, kule chini mto Tana unakokaribia kuisha, mfereji wa mpunga haukufunguliwa kabla mama hajaonja maji. Alishuka ukingoni maji yakijaa, akachovya kidole cha shahada, akakilamba, akatulia kidogo kama anayesikiliza mtu anayenong'ona, kisha akasema "fungueni" au "ngojeni." Sisi wanawe tulisimama na majembe mabegani tukingoja hukumu. Sikumbuki hata siku moja baba akimbishia.

Watu wa bara nikiwaambia kwamba aliyekuwa akitumwagilia mashamba ni bahari, hunitazama kama niliyepigwa na jua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huja na bamvua, yale maji makubwa kuliko ya siku nyingine. Bamvua ikifika Kipini, mlangoni mwa mto, hukutana na mto unaoshuka, na hapo mto hukosa pa kwenda. Maji matamu yanarudi nyuma, yanapanda, yanajaa mpaka kingo, na aliyechimba mfereji wake kwa kimo sahihi anayapata shambani bila pampu wala tone la mafuta. Ozi, Kau, na vijiji vya jirani vimelima mpunga hivyo tangu enzi za mababu. Kalenda ya kilimo ilikuwa mwezi. Cha kuangalia kilikuwa kimoja tu: anayesukuma ni maji ya chumvi, anayesukumwa ni maji matamu, na kati yao kuna mpaka usioonekana kwa macho. Kazi ya ulimi wa mama ilikuwa kujua mpaka ule umefika wapi siku hiyo.

Mwaka nitakaosimulia, mama alionja akasema fungueni. Mimi mwenyewe nilionja baada yake, kwa utundu tu, na maji yalikuwa matamu kabisa. Tukafungua. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, unapendeza. Baada ya siku kama tano ncha za majani zikaanza kugeuka rangi, njano kwanza, halafu kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Masuke yaliyotoka yalitoka meupe, matupu. Ukiyafinya hayana kitu.

Msimu uliofuata ikawa vilevile. Alionja, yakawa matamu, mpunga ukaungua. Watu wakaanza kusema pembeni kwamba mama amezeeka, ulimi umekufa. Wengine wakasema mambo mengine ambayo sitayaandika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba na yeye aliamini. Aliacha kushuka ukingoni. Akawa anamtuma mdogo wangu aonje, na mdogo wangu hakujua hata anatafuta nini.

Tulikuwa na jibu moja kwa kila kitu wakati ule: bahari imepanda. Na ushahidi ulikuwepo. Kipini, karibu na mlango wa mto, ungeweza kukuta minazi imelala kifudifudi ufukweni mizizi juu, na kuta za nyumba zilizobaki upande mmoja tu kama sahani iliyovunjika. Ami yangu, mvuvi, alinionyesha maji yanakopiga akaniambia alipokuwa mtoto palikuwa na njia, na nyuma ya njia pana makaburi. Mtu aliyeona makaburi yao yakichukuliwa na mawimbi hahitaji mtu wa kumweleza kwamba bahari inapanda.

Sikatai kwamba inapanda. Kati ya mwaka 1901 na 2018, kwa wastani wa dunia nzima, bahari ilipanda kama sentimita 20, kwa sababu barafu za nchi kavu zinayeyuka na kwa sababu maji yakipata joto hutanuka. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika kama milimita 3.7 kwa mwaka. Mara ya kwanza kusikia hesabu hii nilichukua punje mbili za mchele nikazipandanisha kwenye meza. Ndicho kimo cha mwaka mmoja. Si kidogo ukizidisha kwa miaka, hasa mahali tambarare kama kwetu, ambapo kimo cha goti kinatosha kutenganisha shamba na bwawa. Lakini ami alikuwa akinionyesha upana wa kiwanja cha mpira ulioliwa katika umri wa mtu mmoja. Punje mbili za mchele haziwezi kula kiwanja cha mpira zikiwa peke yao. Lazima ziwe na wasaidizi.

Nilikuja kuwajua wasaidizi hao kwa njia ya kibarua. Walikuja watafiti, wakahitaji kijana wa kuendesha boti anayejua mafungu ya mchanga na viboko wanakolala. Kazi ya mwezi mmoja ikawa karibu mwaka mzima, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kuchosha: kukita mabomba ya plastiki kwenye tope la mikoko, kurudi baada ya majuma kupima tope limepanda au limeshuka, kuandika namba kwenye daftari lenye madoa. Nilidhani wanachezea pesa. Kazi iliyonibadilisha ilikuwa ya chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa bomba fupi lenye vifuniko viwili, limefungwa kamba. Unaishusha ikiwa wazi mpaka kina unachotaka, kisha unaachia kijiuzito cha chuma kinateremka kwenye kamba na kuvigonga vifuniko, vinajifunga. Tulikuwa tunapanda kutoka Kipini kwenda Kau, maji yakijaa, tukisimama kila baada ya kona. Karibu na mlango wa mfereji wetu nilisimamisha boti, kwa kiherehere, nikitaka kuwaonyesha nyumbani. Mtafiti akachota ya juu kabisa kwanza. Kipimo cha chumvi kikasoma chini ya nusu gramu kwa lita. Maji ya kunywa hayo. Akashusha chupa mpaka chini, akaachia kijiuzito, nikasikia mgongo wa kamba ukitetemeka mkononi. Akaipandisha, akamimina, akapima. Gramu 11.

Nikamwomba arudie. Akarudia, ikasoma karibu na pale pale.

Nikachovya kidole kwenye ya pili nikalamba. Ilikuwa chumvi tupu, ya kukunja uso. Na boti ilikuwa inaelea juu ya maji matamu.

Alinieleza kwa kunichorea ubaoni mwa boti kwa chaki. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo ni mazito. Hayachanganyiki na ya mto kama maziwa na chai. Yanapita chini yake, yanatambaa sakafuni mwa mto kama kabari, ncha imeelekea bara, na ya mto yanateleza juu yake kuelekea baharini. Unaweza kusimama ukingoni ukanywa, na inchi mbili tatu chini ya kidole chako ikawa ni bahari. Mpunga huanza kuumia chumvi ikifika kama gramu 2 kwa lita, na huumia zaidi ukiwa mchanga au ukiwa na mimba.

Nilikaa kimya, na yeye akadhani sijaelewa, akaanza kueleza upya. Nilikuwa nimeelewa vizuri mno. Nilikuwa nakumbuka mimi, kaka yangu na vijana sita wa jirani, miaka miwili kabla ya mpunga kuungua, tukiwa ndani ya mlango wa mfereji na machepe. Maji yalikuwa yamepungua miaka ile, bamvua haiingizi vizuri, tukaamua kuchimba mlango uende chini zaidi. Tulichimba dhiraa nzima na kitu. Tulijisifu. Baba alituchinjia kuku. Kwa mikono yetu tuliushusha mdomo wa mfereji mpaka ukafika ilipo bahari.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikamwambia mama ulimi wake haukukosea, alichoonja kilikuwa kitamu kweli, ila sisi tulichota kingine. Akauliza mara mbili. Halafu akacheka, kicheko kirefu, akasema, "Na yule kuku mlimla bure."

Kwa nini kabari ile ilikuwa imepanda mpaka kwetu ni jambo jingine, na hapo nilijifunza kutopenda majibu ya neno moja. Nilitaka mtafiti aniambie "mabwawa." Hakuniambia. Alisema mto ukidhoofika chumvi hupanda, na mto unadhoofika kwa mengi: ukame, watu wanaovuta maji huko juu, na tabia ya Tana yenyewe ya kupasua kingo na kwenda kuchimba njia nyingine. Hata mlango wa Kipini tunaouita wa asili si wa asili moja kwa moja. Zamani Tana ulimwaga maji yake kusini zaidi kwenye ghuba, na Ozi, mto wenyewe, si kijiji, ulikuwa mto mdogo wa jirani. Ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa na watu karne ya 19 kuunganisha mito hiyo miwili, ulioufungulia Tana njia ya kuja huku. Delta yetu, nchi hii ya tope mto unakomwagikia baharini, ni mahali ambapo jembe la mtu mmoja linaweza kuhamisha mto. Sisi na mlango wetu wa mfereji tulikuwa tunaendeleza mila.

Lakini mabwawa niliyafuata mwenyewe. Ndugu yangu alikuwa kazini upande wa Embu, nikapanda kumtembelea, nikamwomba anipeleke Masinga. Mto huu una urefu wa kama kilomita 1,000, unatoka Aberdare na Mlima Kenya, na kabla haujafika nusu unapita mabwawa matano yaliyopangana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. La kwanza kujengwa lilikuwa Kindaruma, 1968. La mwisho Kiambere, 1988. Masinga lenyewe, lililo kubwa kuliko yote na la juu kuliko yote, lilikamilika 1981.

Nilichotaka kuona ni rangi. Kule maji yanakoingia bwawani yalikuwa mekundu, udongo wa vilima vya kahawa na mahindi. Ukutani yalikuwa kijani, unaweza kuona kidole chako ndani. Udongo ulikuwa umeshuka chini humo bwawani, umelala. Nilisimama pale nikahesabu: huu ndio udongo uliokuwa uje kwetu. Nikarudi pwani nimekasirika, na hotuba yote imekamilika kichwani.

Basi nililopanda lilipita Garsen, juu kidogo ya kwetu, asubuhi. Nikachungulia dirishani darajani. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mzito, umejaa matope.

Nilimwuliza yule mtafiti: ikiwa udongo umebaki Masinga, huu wa Garsen umetoka wapi? Alifurahi, nadhani kwa sababu wachache huuliza. Akasema mto ulionyang'anywa mzigo hauendi mikono mitupu. Ukitoka bwawani una njaa, unakula kingo zake mwenyewe njiani, unakula na mchanga uliolala kitandani mwake tangu zamani, na kwa mto mrefu wenye bonde la udongo kama Tana chini ya Garissa, unaweza kufika Garsen umeshiba tena. Kwa hiyo matope yapo. Kilichopungua ni mafuriko ya kuyapandisha. Mabwawa, hasa Masinga, huhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi, na ndiyo kazi yaliyojengewa. Mafuriko ya Mei yakawa mafupi na ya kimo cha chini kuliko zamani. Matope yanapita mbele ya shamba lako, ndani ya mto, chini ya ukingo, yanaelekea baharini. Yanakupita kama gari la abiria lisilosimama.

Hapo ndipo nilipomwelewa marehemu babu. Babu hakuwahi kusema "mafuriko yamekuja" kwa sauti ya msiba. Alihesabu umri wake kwa mafuriko. Alikuwa na kawaida ya kwenda shambani maji yakishakauka, anachomeka kisu kwenye tope jipya mpaka kigonge udongo mgumu wa zamani, anapima kwa vidole: vitatu, vinne, mwaka mzuri shubiri nzima. Alikuwa anapima mbolea, au ndivyo nilivyodhani. Kumbe alikuwa anapima pia kimo cha nchi.

Maana nchi ya delta inazama. Hili ndilo lililonichukua muda kuliko yote kulikubali, kwa sababu unasimama juu yake na huoni inatembea. Udongo ule ni tope juu ya tope, umejengwa tangu bahari ilipotulia baada ya barafu kuu kuyeyuka, miaka kama 7,000 au 8,000 iliyopita. Una maji ndani, una majani na mizizi iliyooza ndani. Ni godoro la sufi: kila ukililalia linapungua kimo. Zamani lilipungua na mto ukaongeza, likapungua, mto ukaongeza. Ukikata nyongeza, upungufu unaendelea vilevile. Mwenye kukaa juu yake ataona bahari inapanda haraka kuliko namba za dunia zinavyosema, na hatakuwa mwongo.

Jioni kambini, umeme wa jenereta ukiwa haujazimwa, walinionyesha picha za wenzetu. Mto Nile, ambako bwawa kuu la Aswan lilipokamilika 1970 matope yakakatika karibu yote, na ncha za Rashid na Damietta zikazidi kuliwa na mawimbi. Keta, Ghana, ambako mji umekuwa ukiliwa na bahari miaka mingi, na bwawa la Akosombo la mwaka 1965 likaja kuzuia mchanga wa mto Volta uliokuwa ukilisha pwani ile. Louisiana, Marekani, mto Mississippi umefungwa kwa kuta za kuzuia mafuriko, na jimbo limepoteza zaidi ya kilomita za mraba 4,800 za nchi tangu 1932. Kwa wengine mkono wa mtu uko chini ya ardhi: Delta ya Po nchini Italia ilishuka mita kadhaa katikati ya karne iliyopita walipokuwa wakivuta maji yenye gesi kutoka ardhini, na Mekong, Vietnam, inashuka kwa wastani wa kama sentimita moja kwa mwaka kwa sababu ya visima. Sentimita moja. Karibu mara tatu ya punje zangu mbili za mchele.

Yote hayo niliyatazama kama mtu anavyotazama habari za ugenini. Iliyonigusa ni Bangladesh.

Kule, tangu miaka ya 1960, walizungushia visiwa vya delta matuta marefu ili maji ya chumvi na mafuriko yasiingie mashambani. Ni kazi ya maana, watu walipata mpunga. Mwaka 2009 kimbunga Aila kilipasua matuta ya kisiwa kimoja kinachoitwa Polder 32, na maji yakaingia na kutoka kila siku kwa karibu miaka miwili. Wataalamu walipopima walikuta ardhi ya ndani ya tuta iko chini kwa mita moja hadi moja na nusu kuliko msitu wa mikoko wa nje ambao haukuwahi kuzungushiwa kitu. Miaka hamsini ya kulindwa iliwashusha kiasi hicho. Na wakakuta tope jipya lililoingizwa na maji yale yale yaliyowaharibia, makumi ya sentimita kwa miaka miwili.

Nilimwomba mtafiti airudishe ile picha. Kwa sababu baba yangu alijenga tuta. Baada ya mafuriko ya El Nino ya 1997 kubeba ghala na mbuzi, yeye na wenzake walipandisha ukingo upande wa mto, urefu wa shamba zima, kwa mikono, miaka mitatu. Mimi nilibeba udongo ule kwa karai. Lilikuwa tuta zuri. Mafuriko madogo yaliyofuata hayakuingia tena, na kila mwaka ambao hayakuingia tulimshukuru Mungu, na kila mwaka shamba likashuka kidogo, tukawa tunashangaa kwa nini maji ya mvua siku hizi hayatoki shambani, yanatuama, yanaoza. Tulilima ndani ya sahani tuliyoifinyanga wenyewe.

Sikumwambia baba. Alikuwa hai bado wakati ule, mgonjwa, na lile tuta lilikuwa jambo alilopenda kuonyesha wageni. Labda nilikosea. Sidhani.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, nimalizie la mikoko. Nikiwa kijana nilikata boriti. Kila mtu alikata. Kuna wakati ndiyo ilikuwa pesa pekee ya haraka, na mnunuzi alikuja na jahazi mpaka kwenye mlango wa kijito. Tulikata iliyonyooka, ile ya mbele yenye mizizi ya miguu mingi, kwa sababu ilikuwa rahisi kupakia. Nilipokuja kukita mabomba ya watafiti nilikuta moja lao limekaa pale pale nilipokuwa nikikata. Kwenye mikoko mizima tope lilipanda vidole viwili kwenye mwaka ule. Mizizi inapunguza mwendo wa maji, na maji yakipungua mwendo yanaachia mzigo. Pale petu palikuwa peupe, tope limechekechwa, na bomba limesimama nje kuliko tulivyoliacha. Niliandika namba kwenye daftari kwa mwandiko wangu, bila maelezo.

Halafu ikaja masika ya 2024. Tulikuwa tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo, kisha mvua za mwisho wa 2023 zikafungua njia, na Aprili na Mei mto ukaja wote. Tuta la baba lilipasuka sehemu tatu. Tulilala kwenye turubai nchi ya juu majuma mengi, na wagonjwa, na mbu wa kutosha kumbeba mtoto. Mtu akiniambia mafuriko ni neema ya delta, namwomba aje alale nasi siku mbili. Tulipoteza mpunga wote, migomba, choo, na nyumba ya kaka.

Maji yaliposhuka nilichukua kisu cha babu. Kipo, mpini umebadilishwa. Nikaenda kona ya chini kabisa ya shamba, ile iliyokuwa ikituama, nikachomeka. Kikazama mpaka nikaanza kuogopa kukipoteza. Nikapima kwa mkono: shubiri na vidole viwili. Nilikaa chini kwenye tope kama mtoto.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mkali. Vijana walitaka tingatinga lije liinue tuta mara mbili ya lile la zamani. Mimi nikasema tuache milango mitatu palepale lilipopasukia, tuweke mbao za kufungia, tuwe tunaufungulia mto mwaka baada ya mwaka kwa zamu, shamba hili mwaka huu, lile mwaka ujao, liingie tope halafu tufunge. Nilieleza Bangladesh, nikaeleza godoro. Nilikuwa naongea vizuri, nadhani. Mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, mwaka wa zamu yangu, hayo matope yako ndiyo nitawapikia watoto?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo tumekutana mara nne. Tumekubaliana mlango mmoja, kwa majaribio, kwenye shamba letu, kwa sababu mwenye wazo ndiye anayeanza. Jirani ameahidiwa mpunga kutoka mashamba ya wengine zamu yake ikifika, lakini bado hajaafiki, na simlaumu.

La mfereji lilikuwa rahisi zaidi. Tuliuziba mdomo tuliouchimba, tukapanga mbao kama ngazi, unaongeza au kupunguza moja moja, ili yaingie maji ya juu tu. Nilinunua kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi, cha betri. Bamvua ya kwanza baada ya kazi ile nilishuka ukingoni nacho, na mama akashuka, mara yake ya kwanza baada ya miaka. Sasa anatembea na fimbo. Kipimo kilisoma gramu moja na nusu, nikamwonyesha, nikamwambia chini ya mbili, tunaweza kufungua.

Akachovya kidole, akalamba, akatulia.

"Ngojeni," akasema. "Yanazidi kuja."

Tukaweka majembe chini. Baada ya nusu saa nikapima tena, ikasoma tatu.